Aitaye Naye Aitike

Lugha yetu imeyafunga maneno mawili kwa uzi mmoja: kuita na kuitika. La kwanza halikamiliki bila ya la pili. Mtoto wa visiwani, kabla hajajua kusoma, hufunzwa kwamba akiitwa na mkubwa wake huitika "labeka" au "naam", wala hajibu kwa kuuliza "nini?". Mgeni naye anayepiga hodi hangojei mlango kufunguka tu. Hungojea sauti ya mwenyeji imwambie karibu, na hodi ikipigwa mara tatu bila ya jibu, mwenye adabu hurudi zake. Kwa hivyo wito, kwetu sisi, ni deni. Anayeita humdai anayeitwa jibu. Lakini la kutia maanani zaidi ni kwamba anayeita hujidaisha na nafsi yake pia, maana akishaitikiwa hana budi aseme alilomwitia mwenziwe, na akiulizwa ajibu.

Nataka niuweke mbele ya wasomaji mzani huu wa kale tupime kwa huo jambo la zama zetu. Kiongozi wa mahali, awe diwani, mbunge au mwenyekiti wa mtaa, siku hizi huwaita watu wake kwa simu ya mkononi. Hurusha picha na maneno machache katika Facebook au Instagram, au huingiza sauti yake katika kundi la WhatsApp la kata. Je, amewaita kweli, ikiwa wao hawana njia ya kumwita yeye naye akaitika?

Nimeuchagua mji wa Songea kuwa mahali pa kuliweka swali hili, ingawa uko mbali na bahari yetu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni masafa. Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, uko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na vikao vya Bunge humweka mbunge wake Dodoma kwa wiki nyingi za mwaka. Mahali kama hapo simu si pambo. Huenda ndiyo njia pekee ya mkazi kulisikia neno la aliyemchagua kabla halijachakaa. Ya pili ni kwamba mji huu unajua, kuliko miji mingi, gharama ya neno linalotoka kwa kiongozi likaenea kwa watu wasiomwona. Hilo la pili nitalirudia.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, kwani kazi yangu ni kutunga na kufasiri, na kushuku maneno ndiyo ada ya mfasiri. Mitandao ya kijamii ilipotufikia ilikuja na msamiati wake, nasi tukaupokea bila ya kuugeuza upande wa pili. Mwenye ukurasa tunasema ana "wafuasi". Neno hili kwetu lilikuwa la mitume, la masheikh wa tarika, na la mwalimu anayefuatwa na wanafunzi wake. Mfuasi huenda nyuma. Anachokiona ni mgongo wa anayemfuata. Lakini mkazi wa Lizaboni, wa Mfaranyaki au wa Bombambili si mfuasi wa diwani wake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 8, inawataja wananchi kuwa ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Kwa haki, basi, ni diwani anayepaswa kuufuata mtaa. Neno moja la kukopa limeipindua safu nzima, wa mbele akawa nyuma, na hakuna aliyelalamika.

Hali kadhalika neno "kupenda". Mkazi akioneshwa picha ya kisima kinachozinduliwa, alama iliyo karibu kabisa na kidole chake ni ya kupenda. Hakuna alama ya kuuliza kama maji yametoka siku ya pili yake. Nafasi ya kuandika ipo, ni kweli, lakini iko chini, nayo hujaa pongezi upesi hata swali likapotea humo kama sindano katika pamba.

Sarufi yetu, kwa bahati njema, imetuwekea ngazi iliyo bora kuliko msamiati huo. Kiongozi anaweza kusema. Anaweza kuwasemea watu, yaani kupeleka neno lao wasikofika wao. Anaweza kuwasemesha, akawaanza yeye kwa maneno ili nao waseme. Na anaweza kusemezana nao. Katika ngazi hiyo ya mwisho kitenzi hakikubali kuwa cha mtu mmoja. Hata ukitaka kukitamka kwa mmoja, huna budi umtafutie wa pili. Mzozo wote wa jambo hili uko katika kujua kiongozi amesimama juu ya ngazi ipi, na kutokubali atuambie yuko ya nne ilhali yuko ya kwanza.

Miji yetu ya pwani ilikuwa na njia mbili za neno la mamlaka kuwafikia watu, wala wazee hawakuzichanganya. Moja ni ya sauti ya pembe. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu, ya shaba, zimehifadhiwa Kenya hadi leo. Zilikuwa sauti za enzi. Na chini yao ilikuwapo mbiu ya kawaida, ambayo tunasema ikilia kuna jambo. Ada ya mbiu ni kwamba haijibiwi kwa mbiu. Aliyeisikia hutoka nyumbani akaenda kusikiliza. Njia ya pili ni baraza, ambapo mwenye neno hukaa akaonekana, na mwenye swali akamtazama usoni. Mbiu huwakusanya watu, na baraza huwapa nafasi ya kusemezana. Mji wenye mbiu bila ya baraza ni mji wa amri tupu.

Kosa letu la leo ni kuuita ukurasa wa kiongozi baraza, ilhali mara nyingi ni mbiu tu. Sisemi kwamba mbiu ni kitu kibaya. Mfano mwema wa mbiu ya simu ninaoujua umetoka Kenya, kwa marehemu Francis Kariuki, aliyekuwa chifu wa lokesheni ya Lanet Umoja karibu na Nakuru. Chifu wa Kenya huteuliwa na serikali, hapigiwi kura. Lakini kazi yake ni ya mahali, na watu wake anawajua kwa sura. Mwanzoni mwa mwaka 2012 habari zake zilienea duniani. Aliarifiwa alfajiri kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu mmoja. Akaandika ujumbe mfupi katika Twitter, majirani wakatoka, na wezi wakakimbia. Alitangaza kwa njia hiyo hiyo mifugo iliyopotea. Na ng'ombe aliyeibiwa alikuja kuonekana ameachwa amefungwa kwenye nguzo, kwani hata wezi walikuwa wakisoma maneno ya chifu. Wengi wa watu wake hawakuwa na simu za kisasa wala intaneti. Walipokea maneno hayo kama ujumbe mfupi wa kawaida katika simu ndogo za tochi.

Kwa nini mbiu hii ilifaa? Nadhani ni kwa sababu aliyeipiga alikuwa akiishi pale pale sauti yake inapoishia. Kama ng'ombe hakupatikana, mwenye ng'ombe aliijua nyumba ya chifu. Kama tangazo lilikuwa la uongo, lingemrudia yeye njiani, dukani na kanisani. Simu ilirefusha mkono wake, lakini haikumwondoa mbele ya macho ya watu. Maneno yake, tena, yalikuwa ya mambo ya watu: ng'ombe wa fulani, mlango wa fulani. Linganisha na kurasa nyingi za wanasiasa, ambamo kitu kinachoonekana kila siku ni mwanasiasa mwenyewe: akikata utepe, akipokewa kwa ngoma, akiinama kumshika mtoto mkono. Kurasa hizo ni kioo kilichoelekezwa kwa watu ili wamwone anayejitazama.

Hapa msomaji wa haki atanizuia. Ataniambia: baraza unalolisifu halikuwa la wote. Na kweli halikuwa. Katika baraza za miji yetu mwanamke alisikiliza kwa nyuma ya mlango, kijana alingoja wakubwa wamalize, na mtumwa hakuulizwa. Hata leo katika mkutano wa hadhara wa mtaa kuna mjane ambaye hatasimama kuuliza juu ya kiwanja chake mbele ya shemeji zake, na kuna kijana ambaye akinyoosha mkono huambiwa akae. Mtu kama huyo, akiwa peke yake usiku na simu yake, anaweza kuandika alilolifunga moyoni kwa miaka. Tuseme mkulima wa mahindi pembezoni mwa Songea hajaiona mbolea ya ruzuku, ile iliyorejeshwa nchini katika msimu wa 2022/23, na mvua zimeshaanza. Nauli ya kwenda mjini kuuliza ni kubwa kuliko uwezo wake. Kwa mkulima huyu, mistari miwili chini ya picha ya diwani ni haki ambayo babu yake hakuwa nayo. Mwenye kuidharau simu kwa kulitamani baraza la kale anamdharau mkulima huyu.

Hoja hiyo naikubali yote, lakini inaishia kwenye swali lile lile. Mkulima ameandika mistari yake miwili. Je, ameitikiwa? Asubuhi yake akikuta swali lake limefutwa, au amezuiwa asiuone ukurasa, au juu yake kumewekwa picha mpya ya kukata utepe, basi simu imempa mdomo na kumnyima sikio. Huenda ikawa hali hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na mdomo, maana mwanzo alijua kuwa hakusikika, na sasa ameambiwa kwamba amesikika.

Wapenzi wa ushairi wana mfano wa hili katika milki yao wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa zilipokuwa katika uhasama uliofika hadi vita vya Shela, Bwana Zahidi Mngumi, mkubwa wa siasa za Lamu, alirushiana mashairi na washairi wa Mombasa, akiwamo Muyaka bin Haji. Huyu alikuwa mwanasiasa, naye alisema na umma kwa chombo cha haraka cha zama zake, kwani shairi lililoshikwa kwa moyo lilivuka bahari upesi kuliko waraka. Humo mlikuwa na vijembe, vitisho na kejeli. Sisemi walikuwa wapole. Lakini malumbano ya kishairi yana sharia ambayo mitandao haina. Anayejibu aghalabu hulichukua neno la mwenziwe, akakishika kina chake na mizani yake, ndipo akampinga. Hawezi kujibu asichokisikia. Umbo lenyewe la shairi ni ushahidi kwamba sikio lilitangulia mdomo. Wala Zahidi hakuweza kulifuta jibu la Mombasa. Lilikuwa limeshakaa katika vifua vya watu.

Sasa nirudi Songea. Mji huu umebeba jina la mtu, Songea Mbano, nduna wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji pamoja na makumi ya viongozi wenziwe. Kila tarehe 27 Februari mashujaa hao hukumbukwa hapo, na makumbusho yao yapo mjini. Vita hivyo vilianza mwaka 1905 kwa neno. Huko Umatumbi neno la Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe lilienea kwa mnong'ono, kwa njia iliyoitwa njwiywila: mtu akamnong'oneza mtu, naye akamnong'oneza wa tatu. Watu wengi walisafiri mpaka Ngarambe kusikia kwa masikio yao. Baadaye wajumbe walioitwa hongo waliichukua dawa ya maji na kuipeleka nchi za mbali, hata Ungoni. Mtandao huo wa vinywa ulivuka mipaka ya makabila ambayo utawala wa Wajerumani ulidhani haivukiki.

Historia hii hairuhusu hitimisho jepesi. Ahadi iliyopelekwa ilikuwa kwamba risasi zitageuka maji. Hazikugeuka, na vita pamoja na njaa iliyofuata viliua watu kwa makumi ya maelfu. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba neno likibebwa na mtu unayemwona uso basi ni la kweli. Uso nao hukosea. Lakini tutazame nani alilipa. Kinjikitile alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Viongozi wa Wangoni walioipokea dawa waliuawa pamoja na watu wao. Waliolitoa neno walikuwa upande ule ule wa risasi na wale waliolipokea. Kusimama na neno lako hakulifanyi kuwa kweli, ila hukufanya uwe mahali ambapo uongo wake utakupata nawe. Nadhani hiyo ndiyo heshima ya chini kabisa ambayo anayeongoza anawiwa na anayeongozwa.

Tukiipima mitandao yetu kwa mzani huo, tunakuta mizigo imekaa upande mmoja. Kiongozi akitoa ahadi katika ukurasa wake, anaweza kuifuta kwa kidole. Mwananchi akiuliza swali lenye ukali, linabaki na jina lake, saa yake na namba ya simu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Tanzania Septemba 2015. Na mwaka 2016 mahakama ya Arusha ilimtia mtu hatiani kwa maneno ya kumtusi Rais katika Facebook, ikampa kuchagua faini ya shilingi milioni 7 au jela miaka mitatu. Simtetei mwenye kutusi. Matusi si hoja, na adabu ya lugha ni kazi yangu. Nasema kwamba asiyetusi naye ameliona hilo, na kabla ya kuuliza juu ya mbolea atafikiri mara mbili kama swali lake litasomwa kuwa swali. Ahadi ikifutika, na swali lisifutike, wawili hao hawasemezani. Mmoja anasema, na mwingine anajihadhari.

Tena mlango wenyewe una bawabu asiyekuwa diwani wala mkazi. Mtandao wa X, ulioitwa zamani Twitter, ulizuiwa nchini Mei 2025. Na tarehe 29 Oktoba mwaka huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti yote ilikatwa kwa siku kadhaa. Katika siku ambazo watu walikuwa na haja kubwa kabisa ya kujua na kuuliza, mbiu zote zilinyamaza kwa pamoja. Kiongozi aliyekuwa na ukurasa tu hakuwa na kitu. Aliyekuwa na nyumba inayojulikana, mlango unaobishwa hodi na uso unaofahamika mtaani, huyo aliweza bado kuulizwa.

Kuna tukio moja la Songea linalonisaidia kuona tofauti hii. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika makumbusho ya Majimaji akaonana na wazao wa Songea Mbano, akaomba radhi kwa yale Wajerumani waliyowatenda wazee wao. Maneno hayo yangeweza kuandikwa Berlin na kurushwa kwa simu, nayo yangefika Songea kabla ya chai kupoa. Hata hivyo, kila mtu alielewa kwa nini hayakurushwa. Anayeomba radhi anahitaji kusimama pale anapoweza kukataliwa. Wazao wa Mbano wanasema kichwa cha mzee wao kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani, na mgeni aliahidi kwamba kitatafutwa. Ahadi hiyo sasa ina mashahidi wenye macho, nao wanaweza kuiuliza kila mwaka ifikapo Februari. Kama ziara ile ilitosha au haikutosha ni juu yao kusema. Ila waliwekwa mahali pa kusema.

Sidai kwamba diwani aitupe simu yake. Namdai mambo matatu, yote madogo na yote mazito. Kwanza, aliloliahidi kwa simu asilifute; likimshinda, aandike chini yake kwamba limemshinda na kwa nini. Pili, kwa kila mara tano anazojionesha yeye, mara moja alichukue swali la mkazi kama lilivyoulizwa, kwa maneno ya muulizaji, kama mshairi anavyokishika kina cha mwenziwe, kisha alijibu. Tatu, maswali ya mtandaoni yasomwe kwa sauti katika mkutano wa mtaa au wa kijiji, ambao sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zimeuweka ili watu wazima wote wa mahali wahudhurie. Hapo yule mjane aliyeandika usiku bila ya kutaja jina atasikia swali lake likisemwa mchana na mtu mwingine, na jibu litatolewa mbele ya watu ambao wataliweka vifuani. Hapo mbiu itakuwa imewaleta watu barazani, kama ilivyokusudiwa tangu zamani.

Nasi tulioko visiwani tusiyasome haya kama habari za bara. Shehia zetu nazo zina makundi yake ya WhatsApp, wakubwa wetu nao wana kurasa zao, na hodi zetu nyingi bado ziko mlangoni. Mimi nimeshaita, na mwenye kuliona jambo hili kwa upande mwingine na aitike, kwa nathari au kwa shairi.